Kicheko Kisichomcheka Mtu

Mwanafunzi wa uuguzi akikosa mshipa mara ya pili, mara nyingi kuna atakayecheka. Huenda ni mwenzake wa darasani, huenda ni nesi mzoefu aliyesimama nyuma yake na trei, na mara nyingine ni ndugu wa mgonjwa. Mwanafunzi naye hucheka, maana hana pa kuuficha uso. Usiku bwenini kicheko hicho humrudia na kumnyima usingizi. Wodini kicheko kipo tele, lakini karibu kila mara kuna anayeumia nacho: mwanafunzi, au mgonjwa anayesengenywa kwenye meza ya wauguzi.

Toleo hili la Mei, mwezi wa Siku ya Wauguzi Duniani, nalifungua kwa jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto: yoga ya kicheko. Naliunga mkono kwa moyo wote, na sababu yangu kubwa iko katika namna lilivyozaliwa.

Machi 1995, daktari Madan Kataria wa Mumbai, India, aliwakusanya watu wachache bustanini asubuhi ili wacheke pamoja. Mwanzoni walisimuliana vichekesho. Haikuchukua muda, vile vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na dhihaka, na watu wakaanza kuudhika. Kataria aliondoa vichekesho akabakiza kicheko. Mkewe Madhuri, mwalimu wa yoga, alisaidia kuingiza mazoezi ya kupumua, na ndipo jina la yoga lilipotoka.

Kikao chenyewe hakihitaji hata mkeka. Watu husimama kwa duara, hupiga makofi wakitamka "ho ho, ha ha ha", huvuta pumzi mpaka tumbo litune, kisha huitoa taratibu. Halafu huja maigizo: kusalimiana kwa kucheka bila neno, kushika simu isiyokuwepo na kuangua kicheko, kutoa ulimi nje kama simba. Dakika za mwanzo ni za aibu tupu. Baadaye mmoja hushindwa kujizuia, anacheka kweli, na wengine wanamfuata. Hakuna aliyechekwa. Wazazi wanaoogopa neno yoga wajue pia kwamba hapo hapasomwi dua ya dini yoyote.

Mwili nao hupata haki yake. Kicheko cha tumbo hukifanyisha kazi kiwambo kilicho chini ya mapafu, hutoa hewa nyingi, huharakisha moyo kidogo, kisha misuli hulegea. Huko Isfahan, Iran, watafiti waliwagawa wanafunzi 38 wa uuguzi, wote wanaume, katika makundi mawili. Kundi moja lilifanya vikao 8 vya saa moja moja, mara mbili kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha nafuu katika usingizi, wasiwasi na sonona. Idadi hiyo ni ndogo, na walijipima wenyewe kwa dodoso. Siwezi kuuita utafiti huo ushahidi wa mwisho. Lakini unatosha kutufanya tujaribu jambo lisilo na gharama.

Sisi wa Afrika Mashariki, hata hivyo, tuna sababu ya kwenda kwa tahadhari. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, na shule ikafungwa Machi 18. Madaktari walitafuta maambukizi na sumu katika chakula, hawakuona kitu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba wale watoto walikuwa wameelemewa. Hicho hakikuwa kicheko cha furaha hata kidogo. Walikuwa wakilia pia, na wengine walihangaika ovyo.

Kwa hiyo chuo kinachompeleka mwanafunzi zamu ya usiku na kumtaka kwenye mtihani asubuhi kisije kikajificha nyuma ya "ha ha ha". Zamu zirekebishwe kwanza. Mwanafunzi aliyemwandaa marehemu kwa mara ya kwanza, akamfunga taya na kumfunika shuka, anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza kabla hajaalikwa kucheka. Na akikataa kuja, aachwe. Kicheko cha amri ni mzigo mwingine juu ya mizigo.

Ninachowaomba wakuu wa vyuo ni nusu saa kwa wiki, hasa katika majuma ya mafunzo ya wodini. Mwenye ngiri, mwenye mshono ambao haujapona, mjamzito na mwenye presha isiyotulia wamwone daktari kwanza. Pasiwe na kuitwa majina. Mkufunzi asisimame pembeni na kalamu: aingie duarani, atoe ulimi kama simba mbele ya wale wale atakaowasahihishia mitihani kesho.