Mbwa wa Langoni



Mwezi huu tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa mji wa Iringa, nalo ni swali ambalo twadhani limo katika nyumba nyingi za Kiislamu za Nyanda za Juu za Kusini. Asema kwamba wezi wameingia kwake mara mbili, wakachukua mali na kuwatia watoto hofu, naye ameazimu kuweka mbwa mkubwa wa mbegu ya Kizungu. Lakini mama yake mzazi, ambaye akaa naye, amekataa katakata, na kusema kwamba siku mbwa huyo atakapoingia, yeye atatoka. Ndugu huyu atuuliza: Je, nimekosa mimi ninayetaka kuwalinda watu wangu, au mama yangu ndiye asiyeijua sheria?

Swali hili si dogo, kwani ndani yake mna radhi ya mzazi, mna usalama wa watoto, na mna hukumu ya dini. Yafaa kwanza tumjue huyo mbwa mkubwa, ametoka wapi na aliwekwa kwa kazi gani. Kisha tutazame sheria yasemaje. Ndipo tutoe shauri letu.

Mbwa wakubwa si jambo la jana. Katika Nineveh, mji wa kale uliokuwa katika nchi ya Irak ya leo, mfalme Ashurbanipal, aliyetawala katika karne ya 7 kabla ya Nabii Isa (a.s.), aliyapamba majumba yake kwa nakshi za mawe. Humo waonekana mbwa wenye shingo nene na vifua vipana, wameshikwa na wawindaji kwa kamba. Nakshi hizo zimehifadhiwa London hata leo. Na mwenye kuzifuata habari za mbwa hawa toka zama hizo ataona jambo moja: karibu kila mbegu ilizaliwa na kazi. Rottweiler, ambaye watu wamwogopa sana, alipata jina lake katika mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya nyama. Dobermann alizalishwa na mtoza kodi wa mji wa Apolda aliyeitwa Louis Dobermann, katika karne ya 19. Na yule mbwa wa Kijerumani ambaye polisi wa nchi nyingi humtumia, asili yake ni mchunga kondoo. Bwana mmoja, Max von Stephanitz, ndiye aliyeanzisha chama cha kuitunza mbegu hiyo mwaka 1899.

Afrika nayo haikukosa. Wakhoikhoi wa Rasi ya kusini walikuwa na mbwa wenye mstari wa nywele zilizoelekea kinyume mgongoni. Walowezi wa Kizungu waliwachanganya hao na mbwa wao wakubwa, na mwaka 1922, katika mji wa Bulawayo, wenye mbwa hao walikutana wakaandika sifa za mbegu hiyo. Watu wakawaita mbwa wa simba. Lakini tusidanganyike na jina. Mbwa hao hawakuwa wakimwua simba. Kazi yao ilikuwa kumzunguka na kumbwekea, wakimkwepa huku na huku, mpaka mwindaji afike na bunduki yake. Akili na wepesi ndivyo vilivyotakiwa kwao, si ukali peke yake.

Ama walowezi walioshika mashamba katika Iringa, Mufindi na Mbeya wakati wa ukoloni, walikuwa watu wa kufuga mbwa wa kwao, na baridi ya milima hii haikuwadhuru wanyama hao kama joto la pwani. Walowezi wengi wameondoka, desturi imebaki. Leo ukipita mitaa kama Gangilonga ya Iringa au Forest ya Mbeya, utaona malango yaliyoandikwa "Mbwa Mkali", na nyuma yake utasikia sauti nzito ikinguruma.

Lakini mfano mwema wa mbwa mkubwa katika nchi hizi hauko mjini. Uko vijijini, magharibi ya mji wa Iringa, pande za Idodi na Pawaga, zinazopakana na mbuga ya taifa ya Ruaha. Ruaha ni moja katika makao makubwa ya simba yaliyobaki duniani, na wafugaji walio jirani nayo, Wabarabaig, Wamasai na wengineo, kwa miaka mingi wamepoteza ng'ombe na mbuzi kwa simba, fisi na chui. Nao hulipiza kwa mkuki na kwa sumu. Sumu haichagui; mzoga mmoja uliotiwa sumu huua simba, na fisi, na tai pia.

Mwaka 2009 palianzishwa huko kazi ya kuwapatanisha watu na wanyama hao, ikaitwa Ruaha Carnivore Project. Waliimarisha mazizi kwa nyavu za chuma, kisha wakajaribu mbwa wa Anatolia. Mbwa hawa asili yao ni Uturuki, nchi ya Waislamu, ambako wachungaji wamewaweka pamoja na kondoo tangu kale ili kuwazuia mbwamwitu. Dume lake aweza kufikia kilo 50 na zaidi, na wachungaji humvika kola ya chuma yenye miiba ili adui asimshike koo. Namibia ilitangulia kuwatumia kwa ajili ya duma, tangu mwaka 1994, na wafugaji wengi wa huko wakaona hasara yao imepungua sana.

Na siri ya mbwa huyu ni nini? Ni malezi. Angali mdogo, hata miezi mitatu hajatimiza, hutiwa zizini pamoja na mbuzi na kondoo, akakua akiwaona kuwa ndio jamaa zake. Hafundishwi kupigwa wala kuchokozwa. Adui akija, husimama kati yake na kundi, akabweka kwa sauti kubwa. Na mnyama mkali naye ana hesabu zake, huogopa kuumia, basi mara nyingi huenda zake. Hivyo mbuzi husalimika, na simba husalimika, na mfugaji hulala. Tazameni, basi: mbwa mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayelala na wana-kondoo wala hawamwogopi.

Sasa tuje kwenye sheria. Wako Waislamu wadhanio kwamba mbwa amelaaniwa, na kwamba kumpiga jiwe ni thawabu. Jambo hilo halina msingi. Katika Sura ya Al-Kahf, Mwenyezi Mungu amewataja vijana wa pangoni, na pamoja nao akamtaja mbwa wao aliyenyosha miguu yake ya mbele hapo kizingitini. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama ya windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa. Na katika Hadithi iliyo sahihi, Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu; Mwenyezi Mungu akamsamehe mtu huyo madhambi yake.

Lakini upande wa pili nao una nguvu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kuweka mbwa, isipokuwa wa mifugo, au wa kuwinda, au wa shamba, hupungukiwa thawabu zake kila siku. Na amesema pia kwamba Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Basi yule mama wa Iringa hakusema neno la ujinga. Amesema alilolipokea kwa wazee wake, nao walilipokea kwa wanazuoni.

Je, mbwa wa kulinda nyumba ahesabiwa pamoja na wale watatu walioruhusiwa? Wanazuoni wamehitilafiana. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, ameona kwamba lililo sahihi zaidi ni kuruhusiwa, kwa kulinganisha na hao watatu, kwa kuwa sababu ni moja, nayo ni haja. Basi haja ikiwapo, ruhusa ipo. Haja ikiondoka, na ruhusa imeondoka. Mwenye kuweka mbwa kwa fahari, ili wageni waseme "bwana huyu ana mbwa wa bei kubwa," huyo hana ruhusa.

Na katika bei hiyo mna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika madhehebu ya Shafi, kuuza na kununua mbwa hakusihi, hata akiwa wa kazi. Imamu Abu Hanifa aliruhusu. Basi mwenye haja asikimbilie kutoa malaki ya shilingi kabla ya kumwuliza mwalimu wake njia iliyo salama.

Tukishajua hayo, hatuna budi kusema wazi kwamba mwenye kuweka mbwa mkubwa amejitwika haki tatu.

Ya kwanza ni haki ya mbwa mwenyewe. Mnyama wa kilo 40 hashibi makombo. Ahitaji chakula cha kutosha, maji safi, kivuli, na nafasi ya kutembea. Tumeona wenye kuwafungia mbwa katika vibanda vidogo mchana kutwa, wakidhani njaa na hasira zitawafanya walinzi hodari. Wamekosea. Mbwa wa namna hiyo hajui adui ni nani. Atamwuma hata mtoto wa mwenyewe. Na tukumbuke yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila ya kumlisha wala kumwachilia ajitafutie. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ikataza kuwatesa.

Ya pili ni haki ya jirani na mpita njia. Siku moja, Mbeya, tulimwona mtoto wa chuo, umri wake yapata miaka minane, juzuu yake kifuani, amesimama kwenye pembe ya njia. Tulipomwuliza kwa nini haendi, alituonyesha lango moja lililoachwa wazi. Kila siku, asema, huzunguka njia ya mbali, na mara nyingine hufika amechelewa, akaadhibiwa. Tulimshika mkono tukampitisha. Lakini tulijiuliza: mwenye lango lile amelinda nini, ikiwa mtoto wa jirani hana amani ya kwenda kusoma? Lango na lifungwe, ua uwe mzima, na mbwa asitoke ila kwa kamba na mtu mwenye kumweza.

Hapo yaingia na habari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, kupona ni nadra mno. Lakini kuuzuia ni rahisi. Mbwa achanjwe kila mwaka. Na mtu akiumwa, au akakwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kukawia ili achomwe sindano za kinga. Asipelekwe kwanza kwa mganga, wala jeraha lisipakwe majivu au mafuta. Akina mama, tafadhalini wafundisheni watoto wasifiche walipoumwa kwa kuogopa kugombezwa.

Ya tatu ni haki ya Sala na usafi wa nyumba. Mbwa akae nje, banda lake liwe mbali na mlango, na mahali pa kusalia na pa kuanika nguo pasifikiwe naye. Chombo chake kiwe mbali na vyombo vya nyumbani. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Na nguo iliyoguswa na mate yake au mwili wake uliolowa huoshwa vivyo hivyo katika madhehebu yetu. Ama mwili mkavu ukigusa nguo kavu, hapana najisi iliyohama. Twasema haya ili watu wasijitie taabu ambayo sheria haikuwatwika.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu. Hukukosa kutaka kuwalinda watu wako. Wala mama yako hakukosa kuichunga nyumba yako isikose baraka. Anza kwanza kwa komeo, taa ya nje, na ua mzuri, na usikizane na majirani kuhusu ulinzi wa mtaa. Pengine haja itakwisha hapo. Ikiwa haja ingaliko, keti na mama yako kwa adabu, umwambie kwamba mbwa hataingia ndani kamwe, umwonyeshe utakapomjengea banda, na umwombe ridhaa yake. Asiporidhika, basi mwache mbwa, utafute mlinzi mtu. Kwani mwizi akichukua mali huenda ikarudi, lakini mama akitoka nyumbani kwako kwa uchungu, ni mbwa gani atakayekulinda na hilo?

Na ukimweka, mweke kama wafanyavyo wachungaji: kwa kazi, kwa malezi mema, na hapo kizingitini panapomfaa. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na jirani zetu. Amin.