Neno "Shahidi" na Wanaolifuta



Ndugu Waislamu, katika Kiarabu liko neno linalotokana na herufi tatu: shin, haa na dal. Humo imetoka shahada tunayoitamka katika kila tahiyatu, na ushahidi unaotolewa mbele ya kadhi. Humo pia ametoka shahidi, naye ni mtu aliyeona jambo akalieleza, na vilevile ni mtu aliyeuawa kwa dhulma. Wanafunzi wetu wa fiqhi wanajua kwamba aliyezama majini, aliyekufa kwa tauni na aliyeangukiwa na nyumba wote wamo katika jina hilo. Wako hata wazazi wanaowaita watoto wao kwa jina hilo.

Neno hili moja ndilo lililosababisha maandishi mengi kufutwa katika Facebook na Instagram kuliko neno lolote jingine. Hatuyasemi haya kwa chuki. Yalisemwa Machi 2024 na Bodi ya Usimamizi, chombo kilichoundwa na kampuni ya Meta yenyewe ili kupitia maamuzi yake. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba kumwita "shahidi" mtu yeyote aliyemo katika orodha yake ya watu hatari ni kumsifu, hata kama mwandishi alikuwa akitoa habari, akiomboleza au akibishana. Bodi iliiona kanuni hiyo imepita mipaka, na Julai 2024 Meta ikakubali kuilegeza, ili neno lenyewe lisitoshe kufuta andiko mpaka liambatane na dalili za ukatili, mfano picha ya silaha. Lakini kampuni ilikuwa imeanza kujadili jambo hilo ndani kwa ndani tangu 2020. Katika miaka hiyo yote maandishi yaliendelea kufutwa.

Na kasoro haikuwa katika neno hilo peke yake. Mei 2021, katika kumi la mwisho la Ramadhani 1442, askari wa Israel walipouvamia Msikiti wa al-Aqsa, watu walioiandika alama ya reli yenye jina la msikiti huo katika Instagram waliona maandishi yao yamefichwa. Sababu yake ilikuja kuelezwa Septemba 2022 na BSR, taasisi iliyopewa kazi ya uchunguzi na Meta. Mfanyakazi wa kampuni ya nje alichukua majina kutoka orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ambamo limo kundi la wapiganaji lenye jina la al-Aqsa, akaliingiza jina katika orodha ya yanayozuiwa. Msikiti wa tatu kwa utukufu katika Uislamu ukafichwa kwa kosa la mtu mmoja asiyejua tofauti ya msikiti na kundi. Uchunguzi huo haukuona nia ya makusudi. Ulichokiona ni kwamba maandishi ya Kiarabu yalifutwa kupita kiasi, na yaliweza kufika kwa wachujaji wasioielewa lahaja ya mwandishi, ilhali kwa Kiebrania kampuni haikuwa na mtambo wa kutambua maneno ya uadui.

Basi je, baada ya ripoti hiyo hali ilitengemaa? Oktoba 2023 Instagram iliwafasiria watu waliojitambulisha kuwa Wapalestina na kuandika "Alhamdulillahi" kwa kuwatilia neno "magaidi" katika tafsiri ya Kiingereza. Kampuni iliomba radhi. Kisha Desemba 2023 Human Rights Watch ilieleza matukio 1,050 ya kufutwa au kuzuiwa maandishi katika Oktoba na Novemba ya mwaka huo, kutoka nchi zaidi ya 60. Kati ya hayo, 1,049 yalikuwa maandishi ya amani ya kuwaunga mkono Wapalestina.

Hatudai kwamba kila kinachoandikwa kiachwe. Dini yetu imeharamisha kusengenya na kuzua, na tunajua yaliyowafika ndugu zetu Warohingya wa Myanmar. Huko chuki ilienezwa kwa Facebook bila kizuizi, na Novemba 2018 kampuni ilikiri kwamba haikufanya vya kutosha. Tazameni: Myanmar walifuta kidogo mno, Palestina walifuta kupita kiasi, na maradhi ni yale yale, kuhukumu maneno ya watu bila kuijua lugha yao. Wanaoijua lugha nao hawathaminiwi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, vijana waliochuja maandishi ya Facebook kwa lugha za Afrika walikuwa Nairobi, katika kampuni ya Sama, na jarida la Time liliandika 2022 kwamba baadhi yao walilipwa hadi dola 1.50 tu kwa saa kwa kutazama picha za mauaji.

Mtume (s.a.w.) alipompeleka Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimuusia asihukumu kabla ya kumsikiliza mgomvi wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mwenye ukurasa uliofungwa leo mara nyingi hajui hata shitaka lake. Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inazilazimisha kampuni kumweleza sababu na kupokea malalamiko yake. Muislamu wa Marseille anaweza kuidai haki hiyo. Wa Mombasa au Zanzibar hawezi. Wabunge wetu ni wepesi wa kutunga sheria za kuwaadhibu waandikao mitandaoni. Tunawaomba watunge na hii ya kuwalinda.

Wakati huo haujafika, basi wanaosimamia kurasa za misikiti na madrasa wasinyamaze andiko linapofutwa. Njia ya rufaa imo humo humo, na Meta ikishikilia uamuzi wake mtu anaweza kulipeleka shauri kwa Bodi ya Usimamizi. Darsa na hotuba zirekodiwe na nakala zibaki msikitini, zisihifadhiwe kwenye ukurasa peke yake. Waraka huu nao utaendelea kutoka kwa karatasi, na kugawiwa mlangoni baada ya sala ya Ijumaa.