Ubwabwa uanzie kitongojini

Nauza wali hapa Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe. Mchele wangu unatoka Dakawa. Kabichi na karoti zinashuka kutoka Mgeta. Hashim Rungwe wa chama kidogo cha CHAUMMA aliponadi ahadi ya ubwabwa kwenye kampeni za urais za 2020, wateja wangu walicheka hadi kupaliwa. Mimi sikucheka. Mwanafunzi anayeomba nusu sahani kwa sababu bumu, yaani fedha ya mkopo, halijaingia hahitaji kufundishwa kwamba chakula ni siasa.

Wengi huuliza: chama cha namna hii kina faida gani? Rungwe alipata kura 49,256 mwaka 2015, na 32,878 mwaka 2020. Ikulu haiendewi kwa kura hizo, nakubali. Lakini sheria zetu haziruhusu mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya kupinga hilo Mahakama ya Afrika mwaka 2013, na hadi leo hakuna kilichobadilika. Asiyetakiwa na vyama vikubwa hana pa kupitia ila chama kidogo. Mwaka 2025 kundi lililojitoa CHADEMA lilihamia CHAUMMA, na Salum Mwalimu akagombea urais kwa tiketi hiyo. Anayesema vyama vidogo vifutwe aseme pia hao wangekwenda wapi.

Ninachovilaumu vyama vidogo kwa jumla ni kukimbilia juu. Fomu ya urais inataka wadhamini 200 kwa kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10. Mwenye ubavu wa kuzunguka hivyo anakosaje mtu mmoja wa kugombea uenyekiti wa kitongoji? Kisheria mkutano wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na huko ndiko mapato na matumizi husomwa. Mjumbe mmoja tu wa upinzani akinyoosha mkono na kuuliza, "Stakabadhi za ushuru ziko wapi?", kijiji kizima kitamsikia. Huko hahitaji kura milioni. Majirani wanaomwamini wanatosha.

Uchaguzi wa vijiji na vitongoji ulifanyika Novemba 2024. Mwingine ni 2029. Viongozi wa vyama vidogo, msisubiri mwaka huo. Tafuteni sasa mwalimu mstaafu, dereva wa bodaboda, mama lishe. Mfundisheni kujaza fomu vizuri, maana wengi huenguliwa hapo hapo kabla hata ya kampeni. Urais mtauomba baadaye, mkiwa na watu wanaowajua.