Huyo Kinyonga Hujamwokoa, Umemteka

Wasee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, hebu tuambiane ukweli. Mvua ikinyesha tu, nyinyi hao kwa TikTok: kinyonga wa pembe tatu kidoleni, na maandishi ati "nimemwokoa, sasa ni wangu."

Umemwokoa kutoka kwa nini? Kutoka kwa majani? Jamaa alikuwa kwake! Huyo ni kinyonga wa Jackson, mwenyeji wa milima yetu, na fensi ya kayaba ndiyo keja yake. Wewe umemtoa huko ukamtia ndani ya katoni ya viatu kwa bedsita, ukamwekea maji kwa kifuniko cha soda. Kinyonga hulamba matone kwenye majani. Anaweza kukauka kwa kiu na hicho kifuniko kiko hapo mbele yake. Akigeuka mweusi unacheka, unaongeza muziki. Mwenzako ana hofu ama anasikia baridi, na wewe unahesabu laiki.

Na kama umebeba jike? Hawa hawatagi mayai, wanazaa watoto hai, na mimba hukaa miezi sita hivi au zaidi. Pengine umebeba familia nzima.

Najua mtasema, "Lakini watu wanawaua kwa mawe!" Kweli, wako wanaoamini kimbu ni mkosi, ati ana sumu. Hana sumu. Basi mtoe barabarani, mweke kwenye kichaka cha karibu, halafu mwelimishe huyo mwenye jiwe. Kumfungia si kumtetea.

Huruma bila akili tumeshaiona. Mwaka wa 1972 huko Hawaii, mwenye duka la wanyama alipokea vinyonga hawa kutoka Kenya wakiwa wamedhoofika. Akawaachilia bustanini wapate nguvu. Walizaana, wakasambaa, na sasa wanakula wadudu na konokono wa visiwa hivyo.

Tena kuna sheria ya wanyamapori ya 2013. Bila kibali cha KWS, huruhusiwi kufuga mnyama wa porini. Unadhani ni mdogo sana kupelekwa kortini? Mei 2025, vijana wawili Wabelgiji walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja katika mahakama ya JKIA. Kosa lao? Sisimizi. Ndiyo, sisimizi.

Unataka kuokoa kweli? Pigania fensi. Tunang'oa kayaba tunajenga kuta za mawe, zinazobaki tunazikata hadi zinabaki vijiti, halafu tunashangaa vinyonga wameenda wapi. Mwambie mzee wako aache hata upande mmoja wa boma uwe na majani. Najua hiyo haina views. Lakini kinyonga hahitaji followers. Anahitaji tawi.

Ukimpata, piga video yake akiwa hapo hapo juu ya tawi. Kisha rudisha simu mfukoni, uende zako.