Sisi wa Chumba cha Vinyama

Kila asubuhi, kabla hatujavaa makoti, ndugu wa wagonjwa wamekwisha kupanga foleni dirishani. Wote swali lao ni moja: "Majibu ya kinyama yametoka?" Tukisema bado, wengine hurudi kwenye benchi kimya kimya, wengine hutuambia tumeyakalia. Hatuwalaumu. Mtu ambaye mama yake ana uvimbe kwenye titi hawezi kuhesabu siku kama tunavyohesabu sisi. Lakini na sisi tuna la kusema, na tumelinyamazia muda mrefu.

Sisi ni wateknolojia wa maabara, upande wa histopatholojia, yaani uchunguzi wa vinyama vinavyokatwa mwilini mwa wagonjwa. Ukimwambia mtu unafanya kazi maabara, anawaza damu, mkojo, choo na malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa, kwa hiyo mgonjwa anashangaa kwa nini kipande cha nyama kisichozidi punje ya harage kimalize wiki mbili.

Ni hivi. Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuharibika papo hapo, kama nyama yoyote. Kinachokizuia ni formalini, nayo hupenya taratibu mno, kwa hiyo kipande kikubwa hatuna budi kukichanja ili ikifikie ndani. Kinyama cha titi kinatakiwa kikae humo kati ya saa 6 na 72. Pungufu au zaidi ya hapo, vipimo vinavyomwonyesha daktari dawa ya kumpa mgonjwa vinaweza kudanganya. Mfupa ndio mgumu zaidi, maana lazima kwanza ulainishwe kwa asidi, siku kadhaa. Baada ya formalini huja alkoholi ya kukausha maji, kuanzia nyepesi hadi kali kabisa, kisha zailini, kisha nta iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 60. Kazi hiyo mashine huifanya usiku kucha. Asubuhi tunatengeneza bloku ya nta, tunaipoza kwenye barafu, ndipo tunakaa kwenye mikrotomu kukata utando wa mikroni 4. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Utando huo tunaueleza kwenye maji ya uvuguvugu, tunauopoa kwa kioo, tunaupaka rangi. Na kila tukimaliza bloku moja tunafuta uso wa yale maji, maana chembe ya mgonjwa mmoja ikinasa kwenye kioo cha mwingine, mtu mzima asiye na saratani anaweza kuambiwa anayo.

Sasa umeme ukikatika saa nane usiku, na jenereta ikakawia, vinyama vya watu thelathini vinabaki ndani ya nta inayoganda. Visu vya mikrotomu vikichelewa kuletwa, kisu cha kutupwa tunakitumia hadi kinachora mistari kwenye utando, na daktari anarudisha slaidi tukate upya. Madaktari bingwa wa patholojia wenyewe ni wachache, na slaidi zinawasubiri mezani zimejipanga. Haya yote dirishani yana jina moja tu: maabara wamechelewesha.

Linalotuuma kuliko yote ni vinyama vinavyofika vimekwisha kufa mara ya pili. Msimu wa mvua uliopita kijana mmoja alitoka wilayani na tezi ya shingoni ya dada yake, siku mbili njiani, ameishika kwenye kichupa alichokilinda basini kama yai. Tulipofungua, harufu ilitutangulia. Ndani mlikuwa na maji ya dripu. Mwenzetu alimkalisha chini akamwambia taratibu, "Mdogo wangu, hiki hakitasomeka." Kijana akauliza, "Kwani dada, maji ya dripu si dawa?" Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Dada yake ilibidi akatwe tena, na nauli ilikuwa ya kukopa.

Vingine huletwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Kinyama huingia kikiwa laini, formalini hukikaza, kikagoma kupita shingoni, tukaipasua chupa kwa wembe. Vingine jina limeandikwa kwenye kifuniko, na vifuniko viwili vikifunguliwa mezani hakuna ajuaye kipi ni cha nani. Sisi wenyewe huandika slaidi kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye alkoholi. Hivyo ndivyo tunavyoliogopa jina kupotea.

Halafu kuna hewa tunayovuta. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka formaldehaidi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye formalini yetu, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Sisi tunaotafuta saratani za watu tunainusa kutwa nzima, machozi yakitutoka, kwenye vyumba ambavyo feni ya kunyonya hewa imekufa na fomu ya kuomba matengenezo imejazwa mara tatu. Tunapewa barakoa za karatasi, ambazo mvuke hupita kama hazipo. Wenzetu wajawazito huomba kuhamishiwa upande wa damu, wakaambiwa hakuna wa kuwapokea zamu.

Hatuombi makubwa. Wakuu wa hospitali, tengenezeni feni hiyo, na mashine ya usiku iunganishwe na betri ya akiba. Wenzetu wa vyumba vya upasuaji wilayani, wekeni formalini na vyombo vyenye mdomo mpana kabla mgonjwa hajapanda kitandani. Kwa sehemu moja ya nyama, formalini sehemu kumi, na jina liandikwe ubavuni mwa chombo.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, ukikabidhiwa kichupa, usitoke mlangoni kabla hujauliza: "Humu ndani mna formalini?" Wakikwambia ni maji, rudisha. Una haki hiyo.