Daftari la Jumapili litupe nafasi ya kuuliza

Usharikani kwetu hapa Moshi watu huandika sana Jumapili. Mhubiri akitaja kitabu na sura, kalamu zinaanza: hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Naipenda bidii hiyo. Lakini nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, najua tofauti ya mtoto anayenakili ubaoni na yule anayeikokotoa hesabu mwenyewe. Madaftari yetu yamejaa mawazo ya wahubiri; swali la mwenye daftari halimo.

Kumbukumbu la Torati 17 inamwagiza mfalme wa Israeli awe na nakala yake ya sheria, ajiandikie, aisome siku zote za maisha yake. Mfalme hakukosa makarani, hata hivyo aliagizwa aandike.

Mimi hunakili mistari michache kwa mkono, kisha chini yake naandika nilichokiona, ninachobishana nacho, na ninachomwomba Mungu. Kitabu cha Ruthu nilikijua tangu shule ya Jumapili. Nilikinakili baada ya kumzika mume wangu. Katika sura ya kwanza, mstari wa 21, Naomi analalamika kwamba Bwana amemrudisha mikono mitupu. Nikaingia mstari wa 22: amerudi pamoja na Ruthu. Kumbe wakati mama yule anasema hana kitu, mkwewe yupo naye! Jicho langu lilikuwa likiupita mstari huo miaka yote. Mkono haukuweza kuuruka. Pembeni niliandika majina ya wanangu, mmoja mmoja, nikalia, nikashukuru.

Wapo wanaohofu kwamba muumini akijiandikia tafsiri zake atapotea. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana tuna jumuiya: wasomee wenzako ulichoandika, wakukosoe. Wengine wanaona ni utovu wa adabu kumwandikia Mungu manung'uniko. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la shukrani, na imo katika Biblia zetu.

Wachungaji, nawaomba jambo moja. Watoto wa kipaimara wanakariri Amri Kumi na Imani ya Mitume, na wakariri. Wapeni pia kitabu cha Yona wakinakili, kina sura 4 tu. Kitabu hicho kinafungwa kwa swali la Mungu kuhusu Ninawi, na jibu la Yona halikuandikwa. Kila mtoto apewe ukurasa mtupu ajibu yeye, na mwalimu asiuguse kwa kalamu nyekundu.