Mkoko Haupandwi Popote

Mtu wa bara ukimwuliza mikoko ni nini, atakujibu: ni ile miti ya matopeni yenye mbu. Lakini mwulize mvuvi wa Gazi, huko Kwale, kusini ya Mombasa, naye atakuhesabia: mlilana, mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mkomafi. Kwake hiyo si miti ya namna moja, kama vile mwembe na mnazi si mti mmoja. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi watu wengi huenda pwani kupanda mikoko, na wengi wao hupanda bure.

Faida yake waijua. Samaki wadogo na kamba hujificha kati ya mizizi, na nyumba za kale za Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka boriti hizo Arabuni kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982.

Lakini msitu wa Gazi haukumalizwa na majahazi. Katika miaka ya 1970 ulikatwa kuwa kuni za viwanda, na mahali pengine ukafyekwa wote. Ungedhani utaota wenyewe, maana mbegu ya mkoko huchipua ingali juu ya mti, na ikianguka huweza kujichoma matopeni kama mkuki. Haukuota. Pasipo mti mama, mbegu itoke wapi? Ikawa lazima kupanda kwa mkono.

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Mbegu ya mkoko ni ndefu, ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi wao huichomeka popote penye tope, hata juu ya majani ya baharini ambako samaki hula. Picha hupigwa, wageni huondoka, miche hufa. Kila mti una mahali pake. Mlilana hustahimili maji mengi, hukaa mbele. Mkoko hufuata, kisha mkandaa. Mchu huvumilia chumvi kali, hata kule nyuma ambako maji hufika wakati wa bamvu tu.

Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Miti hufungia kaboni matopeni, na watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao hulipa. Ati kuuza hewa! Mimi nami sifurahi kuona mwenye moshi analipa kisha anaendelea na moshi wake. Lakini fedha hizo zimeleta maji vijijini na vitabu shuleni, na hayo si hewa.

Na mwenye kujenga nyumba je? Naye hana budi kupata miti. Wamempandia mivinje nchi kavu, akate hiyo. Kumkataza tu bila kumpa kitu kungekuwa kumfundisha kukata usiku.

Basi, kama kwenu kuna ufuo ulio wazi, msianze na mbegu. Nendeni siku ya bamvu mkaone maji yanafika wapi, kisha waulizeni wazee mti gani ulikuwapo pale. Wakisema hapakuwa na mti kamwe, paacheni.